Maneno Ambayo Baba Alitaka Kuyajibu

Baba yangu alipoambiwa kwamba maneno yale yamekaa zaidi ya miaka elfu moja bila mtu kuyajibu, alisikitika kwa niaba ya mwenye maneno. Hakubisha wala hakutaka ushahidi. Alisikitika tu, vile mtu anavyosikitika akisikia kwamba mgeni alifika kwenye boma la watu akakosa hata wa kumpa kiti. Akaniuliza hao Waarabu walioyasikia kwanza walikuwa watu wa aina gani. Nikamwambia walikuwa washairi hodari, wanaosifika kwa ushairi kuliko kitu kingine chochote. Akasema basi aibu ni yao.

Hapo ndipo ilipoanzia taabu yote ya wiki zile. Nataka kuieleza taratibu, kwa sababu mume wangu, aliyekuwa ndani ya nyumba hiyo hiyo, huisimulia nusu tu, tena nusu ya kuchekesha watu.

Sisi ni watu wa Nyakach, boma letu haliko mbali na soko la Katito. Baba ni mtu wa kulilia maiti. Hiyo si kazi ya mshahara, lakini kuanzia Katito hadi Awasi, mtu wa maana akifa, watamtafuta baba aje asimame mbele ya jeneza amsifu marehemu: amezaliwa na nani, hasira zake zilikuwa za namna gani, alilima vipi, nani alimwogopa. Na kwenye sherehe baba ni bingwa wa pakruok. Pakruok ni majigambo. Muziki unapigwa, mtu ananyoosha mkono, muziki unakatizwa, anasimama na kujisifu, au anamsifu mkewe au rafiki yake, kwa maneno ya kuchagua. Akishakaa, mwingine sharti ainuke amjibu. Hamjibu kwa kumpinga. Anamjibu kwa kuleta yake, yapande juu ya yale ya kwanza au yakae kando yake. Mtu akijisifu halafu pakawa kimya, muziki ukaendelea kana kwamba hakusema kitu, hiyo kwetu ni dharau kubwa. Nimemwona mzee mzima akiondoka kwenye arusi na njaa yake kwa sababu hiyo.

Mimi kipaji hicho sina. Nashona sare za shule mjini Kisumu. Mdomo ninao, mume wangu ataapa kwamba ninao, lakini mdomo wa kugombana na wauza vitambaa si mdomo wa kusifu watu.

Niliolewa na Mwislamu wa mjini, nikasilimu. Baba hakunifukuza wala hakunilaani. Alisema kama nimeamua nimeamua, akaendelea kuchonga mpini wa jembe. Mama ndiye aliyelia kidogo, kisha akaniuliza kama huko niendako nitaruhusiwa kula omena, dagaa wetu wa ziwani. Nikamwambia omena ni halali. Akafuta machozi, akaniuliza tena ili awe na hakika.

Halafu mama akafa. Nilikwenda mazishini pamoja na mume wangu na mama mkwe, nimevaa buibui, nimejifunika vizuri kuliko kawaida yangu, maana nilijua macho ya kijiji yatakuwa juu yangu. Watu walijaa. Kila mmoja alikuwa akingoja jambo moja: mlizi wa wafu wa eneo zima atamlilia vipi mke wake mwenyewe. Wengine walikuja kwa hilo hasa, sitawasingizia huzuni wasiyokuwa nayo. Baba akapewa kipaza sauti. Akasimama kando ya jeneza, akatazama watu, kisha akanitazama mimi. Akanitazama kwa muda mrefu. Akakirudisha kipaza sauti kwa aliyempa, akaingia nyumbani, na mama yangu akazikwa bila neno hata moja kutoka kwa mumewe.

Hakuna aliyehitaji kuelezwa. Mzee amekataa kusema mbele ya binti aliyevaa vile. Shangazi zangu walinigeuzia mgongo pale pale. Na mimi mwenyewe niliamini hivyo hivyo: kwamba baba alinikasirikia kiasi cha kumnyima mama haki yake. Niliumia. Niliumia na nikakasirika, na vitu hivyo viwili vilinikaa kifuani pamoja kwa miaka mingi. Baada ya hapo tulizungumza kwa simu tu, juu ya mvua, juu ya mbuzi, juu ya mto uliofurika. Hakuwahi kukanyaga kwangu, na mimi nyumbani nilikwenda kwa mazishi ya wengine tu, nikarudi siku hiyo hiyo.

Kilichomleta ni mtoto wa jicho. Macho yote mawili yalikuwa yameanza kuziba, akapelekwa hospitali Kisumu, jicho moja likapasuliwa. Daktari akasema asirudi kijijini mara moja: asiiname, asikae kwenye moshi, asiingie kwenye vumbi, atiwe dawa kila siku na mtu mwenye mkono mwepesi. Kwetu mzee kulala kwa mkwe si jambo jepesi, lakini jicho ni jicho. Akaja na kofia yake na miwani ya jua aliyopewa hospitalini, akakaa kwenye kiti cha plastiki barazani kwangu kana kwamba amekuja kungoja gari. Nilimtilia dawa. Tulizungumza juu ya mvua.

Nyuma ya soko letu kuna uwanja ambapo Jumapili alasiri hufanyika mihadhara. Waislamu wanafunga vipaza sauti, mhadhiri anapanda mezani, Wakristo wanaotoka ibadani wanasimama kando na Biblia zao, na hoja zinarushwa huku na huku mpaka karibu na magharibi. Ni burudani kama mpira. Kutoka barazani kwangu unasikia kila neno. Jumapili ya kwanza ya baba kwetu, mhadhiri alifikia lile dai ambalo huwa hakosi kulitaja: kwamba Kurani haina mfano, kwamba yenyewe imewaita wanaoitilia shaka walete sura moja tu inayofanana nayo, wawaite na wasaidizi wao wote, na kwamba toka siku hiyo hadi leo hakuna aliyeweza. Akauliza uwanjani, nani analeta? Kimya. Akauliza tena. Wakristo wakamjibu kwa mambo mengine.

Baba aliinua uso. Kiswahili anakisikia vizuri, ingawa akikisema kinamtoka vipande vipande. Akaniuliza kama amesikia sawa, kwamba mtu ameyatoa maneno yake mbele ya watu, akawaomba wamjibu, na hakujibiwa. Nikasema si mtu, ni Mungu. Akasema ndiyo, hata zaidi. Ndipo tukaingia katika yale ya Waarabu na aibu yao. Nilicheka kidogo, nikaenda kugeuza samaki. Nilidhani yameishia hapo.

Kesho yake nikamkuta anagonga mkono wa kiti kwa kidole. Nakujua kugonga huko tangu utotoni. Baba akianza kugonga hivyo, kuna maneno yanapikwa. Nilimuuliza nani amekufa. Akasema hakuna aliyekufa, anatayarisha jibu la Jumapili.

Nilimweleza, kwa upole nilioukopa sijui wapi, kwamba lile halikuwa pakruok, na kwamba jibu haliombwi ili litolewe. Linaombwa ili ijulikane kwamba jibu haliwezekani. Baba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniambia kwamba hivyo ndivyo kila mtu anayejisifu anavyosema, na kwamba hiyo haijawahi kuwa sababu ya kumwacha amesimama peke yake. Alikuwa amevunjika moyo kidogo kwa ajili yangu. Nimeishi na watu hawa miaka yote hii, nikawa mmoja wao, na sijasimama hata mara moja kuwajibia Mungu wao!

Mama mkwe alipopata habari, alikaa chini. Anaishi nasi, mzaliwa wa Kisumu, mwanamke wa swala tano na ulimi mkali, nami nampenda kwa sababu ugomvi wake hauna kinyongo. Alisema astaghfirullah kwa sauti ndogo, akaniambia kwamba kutunga sura chini ya paa lake ni kuita balaa lije na mizigo yake. Waliojaribu zamani wakawa kichekesho cha dunia, akasema, na huyu ataleta kichekesho hicho hadi mlangoni petu. Mume wangu hakupandisha sauti, yeye hapandishi. Alisema tu kwamba uwanjani pale kuna vijana wenye damu moto, na kwamba mzee mmoja mwenye jicho bichi akipanda mezani kusema ameleta mfano wa Kurani, yeye hawezi kuahidi kitakachotokea. Akaniomba nizungumze na baba yangu.

Haya. Nizungumze na baba yangu. Mtu ambaye kwa miaka hatukuzungumza jambo lililo kubwa kuliko mbuzi.

Na hapa nitasema jambo ambalo sikulisema barazani. Baba aliniuliza, bila ubaya wowote, mimi nimejuaje kwamba maneno hayo hayana mfano. Nilikasirika, na nilikasirika kwa sababu sikuwa na jibu. Kiarabu sikijui. Nimehifadhi sura fupi za kuswalia, naweza kuzitamka bila kukosea, lakini uzuri wake siuonji kama anavyouonja mwenye lugha. Uzuri wa sauti nauhisi, huo ndiyo. Mama mkwe akisomewa Kurani na msomaji mzuri kwenye simu, hulia, na yeye pia Kiarabu hakijui. Kwamba haina mfano, hilo nimeliamini vile ninavyoamini kwamba mkate ulitiwa hamira: sikuiona ikitiwa, naona mkate umeumuka. Imani yangu haikutikisika kwa swali lake, lakini niliona wazi kwamba nilikuwa nimekaa juu ya jambo hilo miaka yote bila kulitazama. Baba alilichukua kwa uzito kuliko mimi. Hilo pia liliniudhi.

Nikaamua kumpeleka kwa maalim anayetufundisha wanawake siku za Alhamisi. Ni mtu mzima, mzaliwa wa mjini, Dholuo, lugha ya kwetu, anakiongea kama sisi, na hana haraka. Nilimtangulizia kwa simu habari zote, nikamwomba amkanye. Maalim akasema atamkaribisha, habari ya kumkanya tutaona.

Tulikwenda asubuhi kabla jua halijawa kali, mimi nimemshika baba mkono kwa ajili ya yale mashimo ya barabarani. Maalim alitukalisha nje ya darasa, kwenye kivuli cha ukuta, akaleta chai. Baba akamweleza shida yake kwa adabu zote. Hakuja kushindana, alisema. Alikuja kuuliza desturi za mwenye maneno, ili akijibu asije akamkosea.

Maalim hakucheka. Nilikuwa nimejiandaa kuona kicheko hicho na kukichukia, na hakikuja. Alimweleza kwamba mwito ule ulishuka kwa ngazi: kwanza walete mfano wa kitabu chote, kisha wakapunguziwa zikawa sura kumi, kisha wakapunguziwa tena ikawa sura moja. Baba akatikisa kichwa. Kupunguziwa namna hiyo, alisema, ni ukali kuliko matusi. Akaomba asomewe iliyo fupi kuliko zote. Maalim akaisoma, aya zake tatu, bila madoido. Baba akaomba irudiwe. Akaomba tena, na mara hii kidole chake kilikuwa kikigonga goti polepole, kikatafuta mahali pa kushika, kikasimama.

Akauliza inasema nini. Maalim akampa maana yake kwa Dholuo, kisha akaongeza kwamba aliyompa ni maana tu. Kitu chenyewe kimebaki kule. Nilidhani baba atakasirika kwa kuwekwa nje ya mlango. Kumbe hilo ndilo alilolielewa mara moja. Alisema watu wa mjini humwomba awafasirie wakwe zao kwa Kiswahili yale aliyoyasema kaburini, naye huwafasiria, na wakwe wanatikisa vichwa, na yeye mwenyewe anajua amewapa chai iliyolala.

Walikuwa wamependana, hilo lilikuwa wazi, na mimi nilikuwa nimekaa pale na kikombe changu nikiona mpango wangu unakwenda upande. Ndipo baba akauliza swali lake la mwisho. Alitaka kujua wale washairi wa Kiarabu walishindwaje. Walisimama, wakasema, yakawa mabaya? Au hawakusimama kabisa?

Maalim alisema wanazuoni wengi, na yeye yuko nao, wanaona kwamba maneno yenyewe yako juu ya uwezo wa viumbe: mpango wake, maana yake, sauti yake, ukitaka kuifikia huifikii. Lakini kulikuwa na wachache zamani waliosema vingine. Hao walisema washairi wale uwezo walikuwa nao. Maneno ya namna hiyo yalikuwa ndani yao. Ila kila mmoja alipotaka kuanza, Mungu alimgeuza. Akaondoa maneno mdomoni mwake, akaondoa hata ile hamu. Maalim akasema haraka kwamba hayo ni maoni dhaifu, kwa sababu yakikubaliwa, basi muujiza utakuwa kwenye ndimi za watu na si kwenye Kitabu. Wengi wameyakataa.

Baba alimwomba ayarudie hayo maoni dhaifu.

Maalim akayarudia. Baba akavua miwani, jambo alilokatazwa, akakaa nayo mapajani. Jicho lilikuwa bado jekundu. Nilimwambia aivae, hakunisikia. Akamuuliza maalim kama hao waliogeuzwa walijua kwamba wamegeuzwa, au waliona tu kwamba pamekuwa patupu. Maalim alisema hajui, vitabu havikusema. Akaitwa darasani na watoto, akatuomba radhi, akatuacha pale na birika.

Tulikaa. Barabarani lori la miwa la kutoka upande wa Muhoroni lilikuwa limepotea njia, utingo anauliza watu, watu wanamwelekeza kila mmoja upande wake. Baba alikuwa hatazami huko.

"Mama yako nilimtengenezea maneno tangu akiwa mgonjwa," akasema. "Alikuwa amelala, mimi nimekaa naye, nayatengeneza. Yalikuwa mazuri. Sijawahi kutengeneza mazuri kama yale. Siku ile nikasimama nayo, nimeyashika yote. Yakachukuliwa."

 Nikasema lile nililolibeba miaka yote.

"Ulinitazama mimi."

"Nilikutazama kwa sababu uso wako ni wake. Ulikuwa umefunika vyote vingine, umeacha uso. Nikasema nikiuangalia yatarudi."

Mtu atadhani hapo nililia, au nilimkumbatia mzee wangu, tukarudi nyumbani tumepona. Wapi! Nilikasirika. Damu ilinipanda mpaka masikioni. Nilimuuliza kama alijua watu walisema nini siku ile, na wanasema nini hadi leo. Alijua. Nikamuuliza kwa nini basi aliwaacha waseme. Na baba yangu, ambaye kwa kusifu wafu hutia chumvi mpaka marehemu mwenyewe angejikana, hakutia chumvi hata punje. Mtu wa kulilia maiti akikiri kwamba maneno yamemkimbia, alisema, nani atamwita tena? Aliona afadhali wadhani amekasirika. Mtu aliyekasirika bado ana kitu ndani.

Kwa hiyo aliinunua heshima yake kwa jina langu. Shangazi zangu wote wale, migongo yote ile. Nilimvisha miwani yake, si kwa upole, nikamshika mkono tukarudi, na njia nzima sikufungua mdomo, isipokuwa kumwambia kuna shimo.

Nyumbani nilimtilia dawa, nikampa chakula, nikaenda kukaa kwenye cherehani. Nilishona kola za shati mpaka mgongo ukauma. Nilikuwa nikifikiri juu ya wale wachache wa zamani na maoni yao dhaifu. Nilikuwa upande wa maalim, niko upande wake hadi sasa. Lakini nilijua kwamba mbele ya macho yangu alikuwapo mtu mmoja ambaye lilimpata jambo la namna hiyo, akawa na uwezo, akawa na maneno, akasimama, pakawa patupu. Nilimwona kwa macho yangu. Nilikuwa nimesimama hatua chache kutoka kwake, nikamsoma vibaya.

Jumapili ikafika. Mume wangu alibaki nyumbani, na si kawaida yake. Mama mkwe alikaa mlangoni na tasbihi kama askari wa zamu. Vipaza sauti vikafungwa, mhadhiri akapanda, zikapita hoja za hapa na pale, kisha akafika pale pale: nani analeta? Sote tulimtazama baba. Alikuwa amekaa kimya kitini, mikono mapajani, kidole hakigongi. Mhadhiri akauliza tena. Baba akaomba chai.

Mume wangu hakuweza kuvumilia. Alimuuliza, kwa heshima zote za mkwe, kama Mzee ameghairi. Baba alisema ndiyo. Kama ni Mungu huyo aliyeyachukua yale ya mke wake, alisema, basi wameshajibizana, tena yeye ndiye aliyeachwa amesimama. Sasa ni zamu ya Mungu. Mama mkwe akasema astaghfirullah, lakini akainuka mwenyewe akamletea chai, na akamtilia sukari bila kumuuliza.

Daktari alipomruhusu kurudi, nilimsindikiza. Ningeweza kumpandisha gari tu, kuna wajukuu wa kumpokea Katito. Nilijiambia nakwenda kwa ajili ya dawa ya jicho, nimwonyeshe wifi yangu, mke wa kaka, jinsi ya kuitia. Tulifika mchana. Watu wa bomani walikuwa shambani. Baba hakuingia ndani, alizunguka nyumba mpaka upande wa kushoto, alipozikwa mama, nami nikamfuata kwa sababu mkono wake ulikuwa bado ndani ya wangu.

Kaburi limesakafiwa kwa saruji, na saruji ilikuwa imeanza kupasuka pembeni. Baba aliuona ufa huo. Aliuona kwa jicho jipya, akainama kuugusa, nikamkumbusha asiiname. Akasimama. Alisimama vile anavyosimama makaburini mwa watu wengine, miguu imeachana kidogo, kofia mkononi. Nikangoja. 

"Bado," akasema. "Anza wewe."

Nilimwambia siwezi. Anajua siwezi, sikuwahi kuweza. Akasema hakuna mtu hapa wa kunipa alama. Nilitaka kumkumbusha kwamba kazi hii ni yake, kwamba alishaikwepa mara moja nikalipa mimi, na kwamba bado sijamsamehe. Yote hayo yalikuwa kweli. Lakini mama alikuwa pale chini, na miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia neno.

Nikasema, kwa Dholuo changu cha mtu aliyehama: mimi ni binti wa mwanamke ambaye akikasirika huosha sufuria zilizo safi. Mimi ni binti wa mwanamke aliyeniacha niende kwa Mungu mwingine, akataka tu kujua kama huko kuna omena. Mama, ipo. Nakula. Uso wako ninao mimi, nimekuja nao.

Basi. Sikuwa na zaidi. Kama kuna maneno duniani ambayo mtu yeyote angeweza kuleta mfano wake, tena bora, bila hata kuita wasaidizi, ni hayo. Nilisikia yanaishia hewani juu ya saruji ile, na pakawa kimya, na nikaona aibu, kwa sababu mimi ni mtu wa huku, najua maana ya kimya baada ya maneno ya mtu.

Kisha baba akakohoa, akaiweka miguu yake chini vizuri, akanijibu.